Kuchagua programu ya kutazamia video kwenye simu: mambo ya kuzingatia

Sauti inasikika, lakini kioo ni cheusi. Au picha inakatakata huku maneno yakiwa yametangulia midomo ya wasemaji. Au simu inatoa taarifa fupi kwamba faili haliwezi kufunguliwa, bila kueleza sababu. Hayo ni malalamiko ya kawaida ya watumiaji wa simu na vishikwambi katika Afrika Mashariki na Kati, ambako filamu, mahubiri, masomo na video za harusi husafiri kutoka mkono hadi mkono kwa kadi ya kumbukumbu, kwa Bluetooth na kwa WhatsApp.

Aghalabu hatua ya kwanza huwa ni kuingia Play Store na kupakua programu nyingine ya kutazamia video, kisha nyingine tena. Matokeo yake ni simu yenye programu nne za kazi ileile, bando lililokwisha, nafasi iliyopungua, na video ambayo bado haionekani. Ipo njia fupi zaidi. Inaanza kwa kujua kilichomo ndani ya faili na uwezo wa simu yenyewe. Jina la programu huja baadaye.

Sanduku na kilichomo ndani yake

Herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, kama vile mp4, mkv, avi, 3gp au mov, hazielezi jinsi picha ilivyohifadhiwa. Zinataja aina ya sanduku tu. Ndani ya sanduku hilo vimefungwa pamoja vitu kadhaa: mkondo wa picha, mkondo mmoja au zaidi wa sauti, na wakati mwingine manukuu, yaani maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya picha.

Masanduku hayo yana umri na asili tofauti. Muundo wa avi ulianzishwa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992, wakati simu za kutazamia filamu hazijafikiriwa. Mov ni wa kampuni ya Apple. Mkv, ambao jina lake kamili ni Matroska, ulitangazwa mwaka 2002, na jina hilo limetokana na wanasesere wa Kirusi wanaoingia mmoja ndani ya mwingine. Sifa yake kubwa ni kwamba unaweza kubeba sauti za lugha kadhaa na manukuu ya lugha kadhaa katika faili moja.

Kinachoamua iwapo video itaonekana si sanduku pekee, bali pia namna picha zilivyobanwa ndani yake. Dakika moja ya picha za ubora wa 1080, zikipita picha 30 kwa sekunde, huzidi gigabaiti 5 endapo haijabanwa hata kidogo. Hakuna simu wala bando la kuhimili mzigo huo. Kwa hiyo picha hubanwa kwa kanuni maalumu wakati wa kuhifadhiwa, kisha hufumbuliwa wakati wa kutazamwa. Kanuni hiyo ya kubana na kufumbua ndiyo inayoitwa kodeki.

Kodeki zinazokutwa mara nyingi kwenye simu ni nne. H.264, iliyoidhinishwa mwaka 2003, inachezwa na karibu kila simu janja iliyopo mikononi mwa watu. H.265, inayojulikana pia kwa jina la HEVC, ilikamilishwa mwaka 2013 kwa lengo la kutoa ubora uleule kwa takriban nusu ya ujazo. VP9 ilitolewa na Google mwaka huohuo wa 2013 na inatumiwa sana na YouTube. AV1 ni ya mwaka 2018; iliundwa na muungano wa kampuni ambao miongoni mwake zimo Google, Amazon, Netflix, Microsoft na Mozilla, ili ipatikane kodeki isiyotozwa ada ya leseni.

Kwa msingi huo, mafaili mawili yanayoishia kwa mp4 yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja likifunguka na jingine likikataa, simu haijaharibika. Inasoma lugha moja na haisomi nyingine.

Kwa nini video ya iPhone hugoma kwenye simu ya zamani

Mfano ulio wazi zaidi ni wa video zinazotoka kwa jamaa walio ng'ambo. Tangu mfumo wa iOS 11 ulipotolewa mwaka 2017, simu za iPhone kuanzia toleo la 7 zimekuwa na uwezo wa kurekodi kwa HEVC, na huo ndio utaratibu zinaoufuata ikiwa mwenye simu hajabadilisha mipangilio. Faili hilo likifika Bukavu au Bujumbura kwenye simu ya bei nafuu iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita, sauti huweza kusikika ilhali picha haitokei.

Njia iliyotumika kulituma faili nayo ina athari. Video inayotumwa WhatsApp kama video ya kawaida hubanwa upya njiani, kwa hiyo hufika ikiwa imepungua ubora lakini inafunguka. Ileile ikitumwa kama waraka, jambo ambalo wengi hulifanya ili kulinda ubora wa picha, hufika kama ilivyotoka. Tangu mwaka 2022 WhatsApp inaruhusu waraka wa hadi gigabaiti 2, na kwa hiyo harusi nzima inaweza kupita katika mlango huo.

Tiba ya kwanza iko upande wa mpigaji. Katika mipangilio ya kamera ya iPhone, sehemu ya miundo, kuna chaguo liitwalo Most Compatible, ambalo huifanya simu irekodi kwa H.264. Faili litakuwa kubwa zaidi, lakini litafunguka karibu kila mahali. Ikiwa sherehe imekwisha kupita na video imekwisha kutumwa, tiba iliyobaki iko upande wa mtazamaji, nayo ni kupata programu inayoweza kuifumbua HEVC yenyewe.

Nani anayefanya kazi ya kufumbua

Ndani ya simu, kazi ya kufumbua picha inaweza kufanywa na mmoja kati ya wawili. Wa kwanza ni sehemu maalumu ya chipu iliyoundwa kwa kazi hiyo pekee. Hiyo hufanya kazi haraka, haitumii umeme mwingi, na simu haipati joto. Upungufu wake ni kwamba inajua kodeki zile tu ilizoundiwa kiwandani. Haiongezewi nyingine kwa kupakua chochote.

Wa pili ni kichakataji kikuu cha simu, kikiongozwa na programu ya kutazamia video. Huyu anaweza kufundishwa kodeki yoyote, mradi waandishi wa programu wameiweka. Gharama yake ni betri na joto. Simu yenye kichakataji dhaifu inaweza kushindwa kufumbua picha kwa kasi inayotakiwa, na hapo ndipo picha huanza kukatakata na sauti kutangulia.

Tofauti hii inaeleza kwa nini programu mbili zinaweza kutoa matokeo mawili katika simu moja. Programu inayotegemea chipu peke yake itaonyesha kioo cheusi pale chipu isipoijua kodeki. Programu iliyobeba vifumbuzi vyake itaonyesha picha, ingawa betri itashuka upesi. Mfumo wa Android wenyewe umekuwa ukisoma HEVC tangu toleo la 5 la mwaka 2014, na AV1 tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Hata hivyo, kutambuliwa na mfumo hakumaanishi kwamba chipu ya simu husika ina sehemu ya kufumbua kodeki hiyo. Kwa upande wa iPhone, chipu yenye uwezo wa kufumbua AV1 ilianza kuonekana katika iPhone 15 Pro ya mwaka 2023.

Mtazamaji anayetaka kujua nani anafanya kazi hahitaji utaalamu. Katika programu ya MX Player alama za HW na SW huonekana juu ya kioo. Ya kwanza ni chipu, ya pili ni programu. Katika VLC upo mpangilio wa kuwasha au kuzima msaada wa chipu. Picha ikiwa nyeusi au ikiwa na rangi za ajabu, kubadilisha mpangilio huo huweza kumaliza tatizo kabla ya kupakua kitu kingine chochote.

Picha ipo, sauti haipo

Tatizo la kinyume nalo ni la kawaida: filamu inaonekana vizuri lakini iko kimya. Mara nyingi sababu ni kwamba mkondo wa sauti umehifadhiwa kwa AC3 ya kampuni ya Dolby au kwa DTS, kodeki zilizoundwa kwa ajili ya majumba ya sinema na mifumo ya sauti ya nyumbani. Kwa miaka mingi kodeki hizo zimekuwa chini ya hataza na leseni za kulipiwa, na ndiyo maana watengenezaji wengi wa simu na programu huziacha.

MX Player ni mfano unaojulikana. Iliondoa uwezo wa kusoma sauti hizo katika toleo lake la kawaida kwa sababu za leseni, na watumiaji wakalazimika kutafuta faili la nyongeza la kodeki na kuliweka wenyewe. VLC, ambayo inasimamiwa na asasi ya Ufaransa isiyo ya kibiashara, imeendelea kuzisoma. Kwa mtu ambaye filamu zake hutoka kwenye kompyuta za watu wengine, jambo hili moja linaweza kuamua ni programu ipi ibaki kwenye simu.

Programu zinazojulikana na mahali zilikotoka

Kujua ni nani aliye nyuma ya programu husaidia kukisia itakavyomtendea mtumiaji. VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, waliotaka kurusha televisheni kupitia mtandao wa kompyuta wa chuo. Mwaka 2001 ilitolewa kwa umma chini ya leseni huria, na leo inasimamiwa na asasi ya VideoLAN. Haina matangazo na haiuzwi. Inaishi kwa michango na kazi ya kujitolea. Alama yake ni koni ya barabarani ya rangi ya machungwa na nyeupe. Mwezi Januari mwaka 2025 asasi hiyo ilitangaza kwamba VLC imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6.

Safari yake kwenye simu za Apple haikuwa nyepesi. Iliingia katika duka la Apple mwaka 2010, ikaondolewa Januari 2011 baada ya mmoja wa waandishi wake kulalamika kwamba masharti ya duka hilo yanapingana na leseni huria, kisha ikarejea mwaka 2013 baada ya leseni kurekebishwa. Umuhimu wake kwa wenye iPhone ni wa wazi, kwa kuwa programu ya video ya Apple yenyewe haifungui mafaili ya mkv.

MX Player ilianzishwa na kampuni ya Korea Kusini ya J2 Interactive mwaka 2011, ikapendwa kwa wepesi wake na kwa ishara za vidole: kutelezesha kidole upande mmoja wa kioo kuongeza mwanga, na upande mwingine kuongeza sauti. Mwaka 2018 ilinunuliwa na Times Internet ya India, na mwaka uliofuata ikageuzwa kuwa pia jukwaa la kutazamia filamu na tamthilia mtandaoni. Mwaka 2024 Amazon iliichukua. Historia hiyo ina funzo kwa mtumiaji: programu iliyopakuliwa kama kifaa chepesi inaweza kubadilisha mmiliki, ikaongezewa matangazo na kazi ambazo hakuziomba, huku jina na alama yake vikibaki vilevile.

Just Player ni programu huria ya Android isiyo na matangazo. Kwa picha hutegemea vifumbuzi vya simu yenyewe, hivyo huhifadhi betri. Kwa sauti imeongezewa vifumbuzi vyake, hivyo haishindwi na AC3 wala DTS. Inafaa simu mpya yenye chipu nzuri. Programu ya mpv, ambayo nayo ni huria, hupendwa na wajuzi wanaotaka kurekebisha kila kitu, lakini sura yake ni kavu kwa mgeni. Infuse ni ya vifaa vya Apple pekee; ina toleo la bure na la kulipia, na huwafaa wenye iPad wanaohifadhi filamu kwenye kompyuta au diski ya nyumbani.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika maduka ya programu zipo kadhaa wa kadhaa zinazojiita vicheza video vya miundo yote, ambazo hazina jina la mwandishi anayejulikana na zinaonyesha tangazo kabla na baada ya kila video. Nyingi hazina uwezo ambao programu zilizotajwa hapo juu hazina. Aidha, matangazo yake hupakuliwa kwa bando la mtumiaji, hata anapotazama video iliyo tayari kwenye kadi yake.

Mlango ambao mafaili ya wageni hupitia

Ni rahisi kudhani kwamba video haiwezi kudhuru, kwa sababu hutazamwa tu. Ukweli ni kwamba programu ya kutazamia video hupokea mafaili kutoka kwa watu isiyowajua na kuyasoma baiti kwa baiti. Kasoro katika usomaji huo ni mlango kwa mdukuzi.

Mwezi Julai mwaka 2015 kampuni ya usalama ya Zimperium ilitangaza kasoro katika maktaba ya Android iitwayo Stagefright, ambayo kazi yake ilikuwa kusoma video. Ujumbe mmoja wa MMS wenye video iliyotengenezwa kwa hila uliweza kumpa mshambuliaji nafasi ya kuingia, wakati mwingine kabla mwenye simu hajaufungua. Ilikadiriwa kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini. Mwezi uliofuata Google ilitangaza utaratibu wa kutoa marekebisho ya usalama kila mwezi.

Mwezi Mei mwaka 2017 watafiti wa kampuni ya Check Point walionyesha kwamba hata faili la manukuu, ambalo ni maandishi matupu, linaweza kutumiwa kuteka kifaa. Programu zilizotajwa ni VLC, Kodi, Popcorn Time na Stremio, na makadirio yao yalikuwa kwamba vifaa vipatavyo milioni 200 vilikuwa hatarini. Marekebisho yalitolewa. Waliobaki hatarini ni wale ambao hawakusasisha.

Funzo la matukio hayo ni kwamba umri wa sasisho la mwisho ni kigezo kizito kuliko idadi ya nyota katika duka. Programu ambayo haijaguswa na waandishi wake kwa miaka 3 haifai kufungulia mafaili yanayotoka kwa watu wasiojulikana, hata kama bado inafanya kazi. Vilevile, wenye simu ambazo mfumo wake haupokei tena marekebisho wana sababu ya ziada ya kutumia programu inayobeba vifumbuzi vyake na kusasishwa mara kwa mara, badala ya kutegemea maktaba za mfumo uliozeeka.

Kuna hila nyingine iliyo rahisi zaidi. Mtazamaji anafungua ukurasa wa filamu ya bure, na ukurasa unamwambia kwamba simu yake inakosa kodeki fulani, au kwamba kicheza video chake kimepitwa na wakati, kisha unampa kitufe cha kupakua. Ukurasa wa mtandaoni hauna sababu ya halali ya kumpa mtu kodeki kwa njia hiyo. Kinachopakuliwa huwa ni kitu kingine. Programu ya video itafutwe katika duka rasmi la simu au katika tovuti ya waandishi wake, na si kupitia tangazo lililojitokeza lenyewe wala faili lililorushwa na mtu kwa Bluetooth.

Ruhusa zinazoombwa

Programu ya kutazamia video inahitaji kuona video. Haihitaji orodha ya majina ya simu, haihitaji kujua mtumiaji yuko wapi, wala haihitaji kusoma ujumbe mfupi. Ikiomba hayo, ni bora kuiondoa.

Tangu Android 13 ya mwaka 2022, ruhusa ya video, ya picha na ya sauti zimetenganishwa, na tangu Android 14 ya mwaka 2023 mtumiaji anaweza kuruhusu video alizozichagua tu. Hata hivyo, kuna ombi moja linalotia watu shaka ingawa lina sababu: ruhusa ya kufikia mafaili yote. Faili la manukuu lililowekwa kando ya filamu si video, kwa hiyo programu yenye ruhusa ya video peke yake huenda isilione. Asiyetumia manukuu ya kando anaweza kukataa ombi hilo bila kupoteza kitu. Anayeyatumia anaweza kulikubali kwa programu anayoiamini, au kuchagua filamu za mkv ambazo manukuu yake yamo ndani ya faili lenyewe.

Manukuu, tafsiri na lugha zetu

Kwa watazamaji wa eneo hili suala la lugha lina uzito wake. Manukuu ya kando huwa katika faili dogo linaloishia kwa srt. Ili programu ilitambue yenyewe, linapaswa kuwa katika folda moja na filamu na kuwa na jina lilelile. Manukuu ya Kiswahili huonekana sawa karibu popote, kwa kuwa herufi zetu hazina alama za ziada. Ya Kifaransa, yanayotumiwa sana Kongo, Burundi na Rwanda, huweza kujaa alama zisizosomeka mahali pa herufi zenye nukta na vistari. Hiyo ni dalili kwamba programu imekosea usimbaji wa maandishi. Programu nzuri huwa na mpangilio wa kubadilisha usimbaji huo, na pia wa kuyasogeza manukuu mbele au nyuma pale yanapochelewa.

Filamu zilizosimuliwa ni suala jingine. Nchini Uganda na Tanzania kuna desturi ya miaka mingi ya wasimulizi wanaotafsiri filamu za kigeni kwa sauti zao, kwa Kiganda au kwa Kiswahili, na kazi hizo huuzwa kwenye diski na kadi. Faili lenye mikondo kadhaa ya sauti humruhusu mtazamaji kuchagua lugha. Katika filamu nyingi zilizosimuliwa, sauti ya msimulizi imechanganywa na ya filamu katika mkondo mmoja, kwa hiyo hakuna programu itakayomrudishia mtazamaji sauti ya awali. Kutafuta kitufe hicho ni kupoteza muda.

Yasiyotatuliwa na programu yoyote

Yapo matatizo mengine ambayo kubadilisha programu hakuyaondoi. La kwanza ni ulinzi wa hakimiliki. Filamu iliyohifadhiwa ndani ya Netflix au video iliyohifadhiwa ndani ya YouTube ili itazamwe bila mtandao imefungwa kwa ufunguo wa huduma hiyo, na haifunguki nje yake. Hali kadhalika, simu zisizo na kiwango cha juu cha ulinzi uitwao Widevine hupewa na Netflix picha za ubora wa kawaida tu, hata kama kioo chake kina uwezo wa zaidi.

La pili ni kadi ya kumbukumbu. Kadi zenye ujazo wa hadi gigabaiti 32 kwa kawaida hutumia mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja linalofikia gigabaiti 4. Filamu ndefu yenye ubora wa juu hukatika au hukataliwa wakati wa kunakiliwa, na lawama huangukia programu isivyo haki. Kadi kubwa zaidi hutumia exFAT, ambayo haina kikwazo hicho. La tatu ni faili lililonakiliwa nusu: ikiwa video husimama katika dakika ileile kwenye simu tatu tofauti, kasoro iko katika faili.

Namna ya kujaribu kabla ya kuamua

Jaribio la maana huchukua muda mfupi. Mtumiaji achague video tatu zinazowakilisha anachotazama kweli: moja iliyopigwa kwa simu yake, moja iliyotoka kwa mtu mwingine, na filamu moja ndefu. Azifungue kwa programu iliyokuja na simu. Zote zikifunguka vizuri, hana haja ya kupakua chochote, na hilo ni jibu halali ambalo matangazo hayatalitaja.

Moja ikikataa, afungue sehemu ya taarifa za faili katika programu kama VLC, ambako kodeki ya picha na ya sauti huandikwa kwa majina. Hapo atajua kama tatizo ni HEVC, ni AC3, au ni faili lenyewe. Kisha aitazame kwa dakika 20 bila kuunganisha chaji, aone betri imeshuka kiasi gani na kama simu imepata joto. Mwisho azime data na kufungua video iliyo kwenye kadi. Programu inayodai mtandao ili kuonyesha faili ambalo tayari limo ndani ya simu imejieleza yenyewe.

Kwa mwenye simu ya zamani anayepokea mafaili ya kila aina, programu inayobeba vifumbuzi vyake na inayosasishwa, kama VLC, ndiyo inayopunguza usumbufu zaidi, kwa gharama ya betri. Kwa mwenye simu mpya, programu nyepesi inayotegemea chipu hutosha na humwachia chaji ya siku nzima. Programu mbili ndizo kikomo cha mahitaji ya watu wengi: moja ya kila siku, na nyingine ya mafaili yanayokataa. Zilizobaki zinaweza kuondolewa, na nafasi yake ikatumika kwa video zenyewe.